Kuamia Ndege Shamba la Jirani

Mpunga ukianza kuinamisha vichwa, huku Mpimbwe hakuna mwenye shamba anayesubiri jua litoke. Kweleakwelea hushuka alfajiri kwa makundi, na shamba lisilo na mtu wa kuamia huliwa likaisha. Unapanda juu ya dungu, unapiga debe, unarusha udongo kwa kombeo, unapayuka mpaka sauti inakauka. Ndege wakienda kulala ndipo na wewe unarudi nyumbani.

Mwaka ule niliyepakana naye shamba alikuwa mama wa Kisukuma. Yeye na mumewe walihamia kwetu na ng'ombe kutoka kaskazini, na msimu uliotangulia ng'ombe hao waliingia kwenye mahindi ya watu, yangu yakiwemo. Siku hiyo nilisema maneno mengi na sijutii hata moja. Basi, mumewe akiwa amepeleka mifugo mbali, upande wa Ugalla, mtoto wao mchanga akaugua. Mama akamkimbiza hospitali Mpanda, wakalazwa.

Alinipigia simu kutoka huko. Huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mayu, ng'ombe ni za ukoo wa mume wangu. Mimi changu ni ule mpunga tu. Ndege wakiumaliza, watoto hawana chakula."

Hakuniomba kitu. Hilo ndilo lililonikera, maana angeniomba ningekataa.

Jumamosi nikalipeleka jambo hilo jumuiyani, tulipokutana kusali. Injili ya siku hiyo wala haikuhusu majirani, kwa hiyo sikuwa na pa kushikia. Mwenyekiti wetu ni mama mwema, lakini mahindi yake nayo yaliliwa na ng'ombe wale wale.

"Wale si wa kwetu, hata kusali hawasali," alisema. "Ila tutamweka kwenye maombi."

"Nyie, ndege hawafukuzwi kwa rozari," nikamjibu.

"Basi kaamie wewe, tuone."

"Nitaamia."

Nilitoka pale nimekasirika, na hasira ile ilinisaidia. Kesho yake kabla hakujapambazuka nilikuwa juu ya dungu la yule mama, na debe langu. Kitu kimoja nilikuwa nakijua, kama anavyokijua kila mkulima wa mpunga: ndege ukiwafukuza hawaendi mbinguni, wanahamia shamba la pili. Na shamba la pili lilikuwa langu.

Nilijaribu kukimbia kati ya mashamba yote mawili, magoti yakagoma. Mimi ni mjane, na wanangu wote wako Shanwe, mjini, kwenye biashara zao. Nikakaa juu ya dungu nikifikiria. Mimi nikikosa mpunga, wanangu hawataniacha nilale njaa. Yule mama akikosa, hana wa kumpa, na mume hayupo. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikaamua kubaki pale pale. Nilimwambia Mungu wazi kwamba hii si haki, kisha nikaendelea kupiga debe huku nikiwaangalia ndege wakitua kwangu.

Iliuma. Asitokee mtu kuniambia kwamba kutumikia ni kutamu.

Siku zikaenda. Ndege walipozidi, wakavuka shamba langu na kufika kwa mwenyekiti, anayepakana nami upande wa pili. Akaja mpaka chini ya dungu, kanga kaikaza kiunoni.

"Mama, unatuletea ndege."

"Nawafukuza. Njoo na wewe ufukuze."

Aliondoka akinung'unika. Asubuhi iliyofuata nilimkuta keshapanda dungu la yule mama kabla yangu.

"Nenda kwako, ukawazuie huko," aliniambia bila kunitazama. "Hapa nipo mimi."

Kama alikuja kwa huruma au kwa kuuhofia mpunga wake, sikumuuliza. Nilikwenda kwangu. Kulikuwa kumebaki mabua matupu na kona moja tu yenye punje.

Yule mama alirudi mpunga wake ukiwa tayari kuvunwa. Mtoto alikuwa mgongoni, amekonda, lakini mzima. Alisimama kwenye tuta la mpaka akatazama shamba lake, likiwa limejaa. Kisha akageuka akatazama langu. Mimi nikajifanya mkali, nikamwambia aende akapumzike, kesho ana kazi.

Kesho yake nilipofika shambani alikuwa kwangu, mundu mkononi, mtoto mgongoni, anavuna ile kona iliyobaki. Shuke moja moja, anayaweka kwenye ungo taratibu. Mpunga wake ulikuwa bado umesimama haujaguswa.

"Anza kwako," nikamwambia. "Ndege hawasubiri mtu."

"Naanza kwa mama," alijibu, wala hakuinua kichwa.

Mume wangu alipofariki nililia ndani, mlango nikiwa nimeufunga. Siku ile nililia shambani mchana kweupe, nimeinama kando yake na mundu wangu, tukivuna.