Mjane au Wajane

Jumatatu, tarehe 12 Mei. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile ya masika inayoishilia, haikulowanishi sana lakini haikuachi mkavu. Hapa kwetu Gerezani maji yamesimama mpaka vizingitini, watu wamepanga matofali ya kukanyagia.

Naandika nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu. Niliishia darasa la saba, sijui kama napanga maneno inavyotakiwa, ila mwandiko wangu kila mtu anausifu. Huo mwandiko ndio ulioniponza. Hapana, nisiusingizie mwandiko. Ni mimi.

Jana jioni mke mwenzangu alishuka na basi la kusini. Mume wetu alikuwa mwanajeshi. Alifariki mwanzoni mwa Januari, si vitani, kwa maradhi, huko huko kusini alikohamishiwa. Mimi alinioa hapa Dar miaka kumi na tisa iliyopita. Yule alimwoa huko, miaka minne sasa, kwa shehe na mashahidi. Nilinuna mwaka mzima, lakini ndoa ilikuwa halali. Na haki yake niiseme: miezi ile mitatu ya mwisho, aliyekuwa akimgeuza kitandani na kumfulia mashuka ni yeye. Mimi nilikuwa Kariakoo kwenye meza yangu ya vyombo vya plastiki. Nilichofanya ni kutuma dawa kwa basi, kila mfuko nimeuandikia kwa kalamu: "Asubuhi na jioni, baada ya kula."

Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, na mfuko wa rambo mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibuni, poleni na safari."

"Nimekuletea ming'oko, mizizi ya porini ya kwetu. Marehemu alikuwa anasema nyie watu wa Dar hamuijui."

"Tunaijua. Imejaa hapo sokoni. Bei yake ndiyo hatutaki kuijua."

Akacheka. Mtoto wake wa kike ana masikio yale yale ya marehemu, yamechomoza kama vishikio vya sufuria. Sikuweza kuyatazama muda mrefu.

Baada ya chai akasema, "Dada, eda imeisha. Kesho nisindikize kwenye hiyo ofisi ya mafao. Kusoma najua, ila mbele ya watu wa magwanda ulimi wangu unakuwa mzito."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema, "Haya."

Sasa niandike nilichokifanya, maana kama siandiki hapa sijui nitakiandika wapi. Baada ya hitima ya arobaini, ukoo ulikaa sebuleni kwangu kumchagua msimamizi wa mirathi. Mahakama inataka muhtasari wa kikao hicho, na mafao ya jeshi hayatoki bila karatasi za mahakama. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye aliyechaguliwa, na ndiye aliyeongoza kikao. Kalamu nikapewa mimi. Akawa anataja naandika, mpaka tukafika kwenye "Marehemu ameacha..." Akaniangalia.

"Shemeji, hapo unaandika mjane au wajane?"

Hakunilazimisha, wala hakunikonyeza. Aliniuliza tu, kama mtu anayeuliza sukari vijiko vingapi.

Nikajibu, "Yule yuko eda huko kwao, hawezi kusafiri. Jina lake litaongezwa baadaye."

Wifi yangu, ambaye mdomo wake haujui adabu lakini hausemi uongo, akadakia: "Makubwa! Kwani eda ya huko inafungwa kwa kufuli? Si wewe mwenyewe uko eda na kalamu unayo?"

Watu wakacheka, mimi nikainama nikaandika: mjane. Herufi moja, "m", pale palipotakiwa mbili. Jina la mtoto nililiandika, hilo Mungu shahidi yangu, mtoto sikumruka. Lakini mama yake nilimruka. Wake tukiachwa na watoto tunagawana fungu letu moja, tuwe mmoja au wanne. Nilikuwa nimeshapiga picha hilo fungu likiwa langu zima: kodi ya nyumba, ada ya mwanangu mkubwa, fremu ndogo ya duka badala ya meza ya barabarani. Sikujiambia kwamba naiba. Nilijiambia "baadaye". Baadaye imekaa tangu Februari.

Leo asubuhi tukaenda, ofisi iko upande wa Posta. Tulipokewa vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Askari wa kike, binti mdogo tu, alitukalisha, akamtafutia mtoto maji ya kunywa, akafungua faili.

"Mama," akamwambia mwenzangu, "kwenye fomu ya marehemu ya zamani kuna mke mmoja, dada yako hapa. Hiyo aliijaza kabla hajakuoa, tumeielewa. Ila na muhtasari wa familia yenu umesema hivyo hivyo." Akaigeuza ile kopi tuione. "Ameacha mjane. Sisi tunafuata mlichotuandikia."

Mke mwenzangu akainama juu ya karatasi. Alisoma kwa kidole, polepole. Kidole kikafika kwenye lile neno kikasimama. Nikajua anachokitazama. Mwandiko ule ameusoma kwenye mifuko ya dawa asubuhi na jioni kwa miezi mitatu.

"Nani aliandika?" binti akauliza, bila ubaya wowote.

Nilifungua mdomo. Nataka niwe mkweli: nilifungua, lakini hakikutoka kitu.

Mwenzangu akasema, "Ni makosa ya kuandika tu, mwanangu. Mambo ya msibani. Herufi imesahaulika."

"Basi yanarekebishika. Muda wa tangazo la mahakama haujaisha. Rudini kwa msimamizi, kikao kikae upya, muhtasari uandikwe upya, muupeleke mahakamani."

Tukarudi kwa miguu. Yeye ulimi wake mzito, na ndiye aliyenisemea. Tulipofika Mnazi Mmoja mvua ikazidi, tukajibanza chini ya turubai la muuza kahawa. Mtoto amelala mgongoni kwa mama yake. Nikasema bila kumwangalia, "Sikusahau."

"Najua, dada. Mtu anayekumbuka kuandika 'baada ya kula' hasahau herufi."

"Sasa kwa nini ukanifichia?"

Akapangusa maji usoni kwa ncha ya khanga. "Sikukufichia wewe. Nilimwonea aibu marehemu, wakeze tugombane mbele ya vijana wake wa kazi. Wewe bado sijamaliza na wewe."

Angenitukana ningejua pa kushika.

Nikatoa simu pale pale nikampigia shemeji, nikaweka sauti ya wazi ili mwenzangu asikie. Nikamwambia kikao kikae Jumamosi, kwamba nilidanganya kuhusu eda, na kwamba fungu letu ni la wawili. Akasema, "Shemeji, mimi nilikuuliza." Akakata. Ni kweli, aliniuliza. Wifi naye akapiga hata hatujafika nyumbani. Alisema maneno mawili tu, "Kufuli limefunguka?", akacheka. Hilo nalo nalistahili.

Mchana nikachana karatasi katikati ya daftari hili nikaandika rasimu, ili Jumamosi nisipate nafasi ya kutetereka. Nikampa mwenzangu aisome. Kidole kikapita, kikafika kwenye "wajane", kikapita bila kusimama. Akataka jina lake la pili lirekebishwe, nilikuwa nimelikosea, safari hii kwa kutojua kweli. Nikalirekebisha.

Sijui kama nimefanya haki au nimefanya kwa sababu nilishikwa. Nadhani nilishikwa. Asingekuja, lile "m" lingekuwa bado liko peke yake.

Jioni mwenzangu alichukua jiko bila kuniomba, akachemsha ming'oko kwa chumvi. Tukala sote kwenye sinia moja, na chai ya rangi. Wanangu waliuliza mbona hakuna mboga, nikawaambia leo ndiyo hiyo. Yeye alikula upande wake wa sinia, ila ilipobaki michache aliisukuma katikati.