Fundi Kahambu na jirani asiye na sura

Saa moja asubuhi, Kahambu anachota maji kwa beseni ndani ya kibanda chake cha ushonaji, chini ya kilima cha Old Kampala. Cherehani ameipandisha juu ya matofali. Robota la kitenge limelowa nusu.

"Tazama," anasema, akikamua pindo la gauni. "Bibi harusi anakuja kulichukua mchana. Nitamwambia nini?"

Fundi huyu wa miaka arobaini na mitatu alivikimbia vita Butembo, mashariki mwa Kongo, akiwa na watoto wawili. Siku njema humpatia shilingi elfu ishirini. Tangu Machi, siku njema ni ile isiyo na mvua.

Machi ndipo kampuni moja ya ujenzi ilipoinua ukuta nyuma ya vibanda, ukaukalia mfereji. Maji yalikosa njia, yakahamia kwa mafundi.

Kahambu alipanda hadi ofisi za kampuni hiyo, Nakasero, akaomba kumwona mwenye ukuta.

"Ukuta ni wa kampuni, nyabo," alijibu dada wa mapokezi, kwa adabu ya Kiganda.

"Na kampuni ni ya nani?"

"Ya kampuni nyingine."

"Basi niitie mkubwa wenu."

"Mkubwa ameajiriwa tu, kama mimi. Kisheria, kampuni yenyewe ni mtu."

Akilisimulia hilo, Kahambu anajipiga kofi pajani. "Mtu gani huyo? Hana mama, haugui homa, mvua haimloweshi!"

Alikwenda kwa diwani pamoja na jirani yake Odur, polisi mstaafu anayeshona viatu. Diwani aliwasikiliza dakika tano, akawaambia wawavumilie wawekezaji. Nyuma ya kiti chake kilitundikwa kizibao cha kampeni. Kahambu alikitambua mara moja. Alikuwa amevishona mia tatu kama hicho kabla ya uchaguzi, na kifuani kila kimoja alikibandika nembo aliyopewa. Ni nembo ileile iliyo kwenye geti la ukuta.

"Kwa mikono yangu!" anasema. "Nilifurahia kazi, sikuuliza nani analipa."

Odur anatikisa kichwa. "Mimi nilimpigia diwani kura, Mama. Kampuni haikupiga hata moja. Lakini ikipiga simu, anapokea."

"Afande, wewe angalau ulipiga," anamjibu. Yeye ni mkimbizi, hana kura.

Wiki iliyofuata, mtu wa diwani alimletea oda ya vizibao vingine mia mbili. Kodi ya kibanda ilikuwa imechelewa. Aliikataa oda hiyo, kisha akalia.

Sasa mafundi kumi na wawili, wakisaidiwa na wakili asiyewatoza kitu, wamefungua kesi ili mfereji ufunguliwe. Itasikilizwa Jumanne, na Kahambu ndiye shahidi wa kwanza.

"Nitakaa mbele kabisa," anasema, akilianika gauni juani. "Karani akiliita jina la kampuni, nataka nimwone huyo mtu akisimama."