Lenzi Iliyovuta Mno

Kosa ni langu, simlaumu mtu. Mimi ni mpiga picha wa harusi na mazishi hapa Bungoma. Juzi nilikwenda Kitale kwa Njoroge, anayeuza lenzi ndefu ya mtumba, ile ya kuvuta vitu vya mbali. Bei yake ni ya ng'ombe wa maziwa, lakini niliitamani. Jumamosi tulikuwa turudi huko na wazee kumposea mwanangu Wafula, na kwetu mkwe hasogelewi ovyo. Nilitaka kuwapiga wakwe picha nikiwa mbali, kwa heshima.

Nikaketi barazani kwa Njoroge, nikaifunga lenzi kwenye kamera yangu, nikamwelekezea mama mmoja aliyekuwa akila mahindi ya kuchoma mwisho wa barabara. Nikazungusha pete ya lenzi. Akakaribia! Nikazungusha tena, nikaona hadi punje iliyokwama kwenye jino lake.

"Njoroge, hii kitu inavuta kama trakta!"

"Si nilikuambia, mzee?" akajibu kutoka ndani.

Nilivyozidi kuzungusha ndivyo mama alivyozidi kukua, mpaka ghafla akageuka ukungu mtupu.

"Bana, imeharibika! Sinunui!"

Njoroge akatoka. "Mzee, hebu toa jicho hapo."

Nikatoa. Yule mama alikuwa amesimama mbele yangu, gunzi mkononi.

"Ati ni wewe baba ya Wafula? Nilionyeshwa picha yako kwa simu," akasema. "Jumamosi ukikuja kuomba Wairimu, usiulize mama yake ni nani. Si umeshanihesabu mpaka meno?"