Mgeni Asiyeuliza Ukoo

Mgeni alifika kwetu Kitengela Jumamosi asubuhi, mwishoni mwa miaka ya tisini, amevaa koti la suti na viatu vilivyojaa vumbi. Sikuwepo. Nilikuwa nimemaliza chuo, nikazunguka na bahasha ya vyeti hadi ikachakaa. Kisha watu wasiotaja majina yao wakanihoji katika ofisi isiyo na kibao mlangoni. Walisema wangekwenda nyumbani kuulizia tabia yangu, na nisimwambie mtu.

Mama akampokea kama mtu wa posa. Kwetu magharibi mwa Kenya, tulikotoka kabla ya kuhamia Kitengela, kijana akitaka kuoa, upande wake hutuma mtu mzima kuchunguza nyumba ya binti. Je, ana hasira? Hutembea na nani? Mgeni aliuliza hayo yote, na mama akajibu kwa madaha: msichana wangu ukimpa siri, umeizika. Akakamata kuku. Mgeni akanywa chai, akaaga kabla maji ya kumnyonyoa kuku hayajachemka.

"Kuna mtu alikuja kukuulizia," mama aliniambia jioni, akitabasamu. "Sasa ujiweke vizuri."

Nilitamani ardhi inimeze. Kazi niliipata, na sina shaka kwamba mdomo wa mama ndio ulioniingiza.

Baada ya mafunzo niliwekwa Bisil, mji wa soko la mifugo kwenye njia ya mpaka wa Tanzania, katika duka la dawa za mifugo. Niliuza dawa za minyoo kwelikweli, huku masikio yangu yakiwa kwingine: nani ametoka mpakani, nani ananunua ng'ombe bila kuwaangalia meno. Wafugaji na wafanyabiashara hawakunishuku hata kidogo. Ni mimi niliyekosa amani. Hotelini nilikaa nikitazama mlango hadi chai ikapoa. Mzee akiniuliza kwetu ni wapi, salamu tu ya kawaida, nilijifanya nahesabu chenji. Nilikuwa na jibu moja la soko, jingine la kanisa, jingine la nyumbani, na nilichoogopa kuliko vyote ni kuyachanganya mbele ya mama. Yeye nilimwambia nimeajiriwa na kampuni ya dawa.

Kila niliporudi Kitengela, jirani yetu, aliyemwona mgeni siku ile, hakukosa kuuliza, "Na wale wakwe walipotelea wapi?"

Mama aliinamisha macho, akasema walipata msichana mwingine. Wanawake wenzake wakachekea kwenye leso. Miaka ilipita, wakaanza kusema labda binti yake ana kasoro. Iliniuma sana. Sentensi moja kutoka kwangu ingemwondolea mama aibu ile, na sikuruhusiwa kuisema.

Kisha nikaambiwa nahamishwa mbali, kwa muda usiojulikana, bila kuruhusiwa kupiga simu nyumbani. Nilikwenda kumuaga mama na uongo wangu nikiwa nimeukariri njia nzima. Nilimkuta akichambua maharagwe.

"Mama, kampuni inatupeleka semina Nakuru. Inaweza kuchukua—"

"Wacha hiyo semina." Hakuinua kichwa. "Mimi niko na macho. Mtu wa posa akiingia, swali ya kwanza ni ukoo. Baba ni wa ukoo gani, mama ni wa ukoo gani, ndio watoto wasioane na damu yao. Ule mtu aliniuliza mpaka kama unakunywa pombe. Ukoo hakuuliza. Hiyo kuku ilikuwa bado hai na mimi nishajua huyu ni wa serikali."

Nikaketi kwenye kigoda kando yake.

"Na wale wakwe?" nikauliza. "Mbona umeacha watu wakucheke miaka yote hii?"

"Sasa ningewaambia nini? Nikisema haikuwa posa, si watauliza ule alikuwa nani?" Akatupa changarawe nje ya mlango. "Wakicheka, hawaulizi."

Nililia, na sikujali mlango ulikuwa wazi. Mama akaniacha nimalize, kisha akanifuta uso kwa ncha ya leso yake.

"Enda," akasema. "Na usiniambie ni wapi."