Simu Iliyosalimia Dunga

Msimu ule wa mvua, kipindupindu kilipoingia Dunga, ufuo wetu wa wavuvi kando ya ziwa, walikuja vijana wa mradi fulani wakiwa na tisheti za buluu zilizoandikwa mgongoni: Mficha maradhi kilio humfichua. Nimeona methali ikiteswa harusini na kwenye kampeni, lakini siku ile ilivalishwa watu wasiojua hata inamwambia nani. Walipanga viti vya plastiki pale akina mama wanapoanika omena, wale samaki wadogo wa ziwani, wakatugawia soda, wakatueleza kwamba kila asubuhi simu italia. Sauti ya msichana itakusalimu kwa Kijaluo na kukuuliza u hali gani. Kama u mzima, bonyeza moja. Kama unaumwa, bonyeza mbili, uulizwe ni homa, kutapika au kuhara. Majibu yataingia kwenye ramani, na mtaa utakaogeuka mwekundu ndio utakaoletewa lori la maji safi.

Mama yangu, ambaye ameanika omena pale tangu akinibeba mgongoni, alipiga makofi pamoja na wenzake. Mimi nilikuwa nimeteremka kutoka mtaani kwangu Manyatta kumwona, na mdomo wangu haujui kutulia. Nikauliza kwa nini wasimtume mtu akatazame vyoo vilivyofurika na watu wanachota wapi maji ya kunywa. Kiongozi wao akanitabasamia jinsi unavyomtabasamia mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Mama, hii ni sayansi," akaniambia. "Kila mtu anaujua mwili wake mwenyewe."

Basi sayansi ikaanza kazi. Wiki mbili baadaye yule kiongozi akatuonyesha ramani kwenye tableti yake, na Dunga ilikuwa kijani kama sukuma wiki. Alifurahi sana, akasema tumeshinda. Nyuma yake, mita chache tu, mtu alikuwa akitapika kando ya mtumbwi, lakini mtu huyo hakuwa kwenye tableti.

Wekundu ulikuwa kwenye mitaa ya mageti kule juu. Huko mtu akila nyama ya kuchoma kupita kiasi Jumapili, Jumatatu anabonyeza mbili na kumweleza daktari wake pia. Lori likapanda huko, kwa watu wenye mabomba jikoni na matangi juu ya paa. Nilipita nikaona kwa macho yangu mtunza bustani akinyeshea maua kwa maji yetu yenye dawa. Nilicheka hadi askari wa geti akaniuliza kama niko sawa, nami nikamwambia niko sawa.

Watu wangu nao sikuwasamehe. Nilijua, au nilidhani najua, kwa nini Dunga nzima inabonyeza moja: wanaogopa ufuo usije ukafungwa, omena zikaozea kwenye nyavu. Waongo wakubwa, nikasema, wanauza samaki na roho zao kwa mizani moja. Mwanamke aliyeanika omena sambamba na mama yangu miaka yote alibonyeza moja asubuhi, na jioni akabebwa kwa pikipiki akiwa amelegea. Tulimzika Jumamosi.

Siku iliyofuata nilimkuta mama yangu amelala juu ya gunia, macho yamezama, midomo imekauka, na simu iko mkononi.

"Umebonyeza nini?" nikamwuliza.

"Moja."

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, huku nikimbeba. Hospitalini walimtundikia dripu mkono huu na ule, na muuguzi akasema tungechelewa kidogo tu tungekuja kuchukua maiti. Sijawahi kuogopa hivyo. Hasira ndiyo iliyonishika nisianguke.

Kesho yake alipoanza kufumbua macho, jirani mmoja wa Dunga alikuja kumjulia hali. Akasimama kando ya kitanda na kutoa salamu yetu ya asubuhi, "Oyawore."

"Oyawore ahinya," mama akajibu kwa sauti ya mtu aliye shambani. "Mimi niko mzima kabisa."

Mzima, na dripu mbili. Jirani hakushangaa. Akaketi, akauliza habari za wajukuu, mama akamwuliza kama mvua imeharibu mahindi. Kisha jirani akasogeza kiti, akauliza polepole, "Na wewe mwenyewe sasa?" Hapo mama akafunguka. Alitaja tumbo, akataja kutapika, akataja maji ya ziwa aliyokunywa bila kuchemsha kwa sababu kuni zililowa, na siku maradhi yalipomwanzia. Kila kitu ambacho ramani ilikitaka kilimwagwa pale, bila kubonyezwa kitu.

Jirani alipoondoka simu ikalia. Nilimsihi abonyeze mbili.

"Mtu anakusalimia asubuhi, unamwambia unahara?" akaniuliza. "Nani alikulea wewe?"

Akabonyeza moja. Lakini hakuishusha simu. Aliishikilia sikioni, akangoja. Sauti ikashukuru kwa ushirikiano, ikakata.

"Huyu msichana hakufunzwa," mama akasema. "Kila siku namngoja aulize tena nimwambie, na kila siku anakata." Akaiweka simu kifuani. "Hata yule mwenzangu tuliyemzika alikuwa anamngoja."