Sheria za Modest za Kupotea Shambani

Msinichekeshe na habari kwamba Modest Sulle alikuwa kichaa. Nasikia wanavyosema mnadani Katesh, eti Endasak kulikuwa na mzee mmoja aliyekimbiza watu wazima ndani ya mahindi kama ngedere, mpaka akaua. Wanaosema hivyo hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Naitwa Fabiola, mke wa kaka yake, na nyumba zetu zilipakana miaka thelathini na miwili. Kwa hiyo mwenye maneno yake aniachie kwanza nimalize.

Modest alikuwa mshika mnyororo. Enzi za mashirika ya umma alizunguka na wapima ardhi, Mbulu yote na Hanang yote. Wakubwa wanaandika, yeye anavuta mnyororo porini na miiba inamchana. Halafu ikaja ile kupunguza wafanyakazi, akarudi nyumbani na koti moja refu, dira yenye kioo kilichopasuka, na tabia ya kuhesabu hatua. Kutoka mlangoni kwake mpaka kwangu, hatua mia moja na nane. Ukimsalimia njiani anakunyoshea kiganja usubiri kwanza, asipoteze hesabu. Nilimsema sana kwa hilo. "Shemeji, utahesabu mpaka punje za ugali!" Anacheka tu.

Chini ya nyumba zetu kuna shamba kubwa, ekari themanini, zamani la ushirika. Katikati yake ilipita njia ya miguu, na kila mtu aliifuata kwenda barabarani, shuleni, kanisani. Ushirika ulipokufa, kijiji kikamkodishia bwana mmoja mwenye trekta. Tukaambiwa sasa ni biashara huria, mwenye uwezo alime. Akalima kweli. Akalima na njia yenyewe. Mahindi yakaota pale tulipokuwa tunapita, yakawa marefu kuliko mtu aliyempanda mwenzake mabegani. Tulilalamika ofisini, tukaambiwa tuzunguke.

Modest alikuwa na binti mmoja, Paskalina, miaka tisa. Juni ya mwaka 2001 mama yake alimtuma chumvi dukani, barabarani. Mtoto akaingia pale njia ilipokuwa inaanzia, maana mguu wake ulipazoea. Ukungu ukashuka. Sisi huku tunatembea kwa mlima: Hanang ukiwa bega la kushoto, unakwenda barabarani, ukiwa la kulia, unarudi nyumbani, basi. Ndani ya mahindi, na ukungu juu, mlima haupo. Tulimtafuta usiku kucha na siku iliyofuata. Alipatikana amejikunja, ameshika ile noti ya chumvi, baridi imemmaliza. Modest alimbeba mpaka barabarani, na midomo yake ilikuwa inakwenda. Nilidhani anasali. Alikuwa anahesabu. Hatua sitini.

Sasa wewe mwite kichaa.

Mama yake Paskalina hakukaa sana, alimfuata binti yake mwaka uliofuata. Yule bwana wa trekta naye alikula hasara akaondoka, shamba likarudi kijijini. Kila kaya ikagawiwa kipande, lakini tulipanda pamoja, likawa bado ni msitu mmoja. Ndipo Modest akasimama kwenye mkutano wa kijiji akasema anataka tufanye mashindano siku ya Sabasaba. Watu waingie ndani ya mahindi na karatasi ya ramani, watafute vituo kumi na viwili alivyovificha, wa kwanza kutoka na alama zote apewe beberu. Tulicheka! Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, kila mtu ana wazo la maendeleo, lakini la kupoteza watu kwa makusudi hatujawahi kulisikia.

Alikuja kwangu jioni ile ile. Akaniambia, "Shemeji, nikiwaambia njooni niwafundishe msife, hawaji. Nikiwaambia njooni mcheke, watakuja."

Akaandika sheria kwenye kipande cha silingibodi, akaning'iniza ofisi ya kijiji. Watu walitoka hata kijiji cha Gehandu kuja kuzisoma. Mshindani haruhusiwi kula mahindi, na atakayetoka na mdomo mchafu atarudishwa mwanzo. Ni kosa kumuuliza njia mtu ambaye naye amepotea. Ukikutana na mama mkwe wako kwenye njia panda, mpishe, kisha potea upya kwa heshima. Ng'ombe akifika wa kwanza hapewi zawadi, mwenye ng'ombe anapewa faini. Kulia kunaruhusiwa dakika tano, baada ya hapo unawasumbua wenzako. Mlevi ataanza mashindano akishajua jina lake. Mpaka padri aliposimama kutangaza ndoa, watu walikuwa wananong'onezana ile ya mama mkwe.

Katikati ya mzaha huo alifukia mbili za kweli. Ya kumi: ukipotea, shika mstari mmoja wa mahindi, usiuvuke, ufuate mpaka uishe, kila mstari una mwisho. Ya kumi na moja: ukishindwa kutembea, vua nguo inayoonekana, ifunge juu ya bua, kaa hapo hapo, usihangaike. Nje tunajua uko ndani. Tunakuja. Alizunguka nyumba kwa nyumba anawakaririsha hizo mbili, watoto na wazee. Ukimpita bila kuijua ya kumi na moja, anakufuata.

Tuligombana kwenye ya kumi na mbili tu. Alitaka mlinda mlango awahesabu watu kwa kidole, kwa sauti, wakiingia na wakitoka, na aandike majina. Na mlinda mlango alinichagua mimi, kwa sababu ya mdomo wangu. Nikasema haiwezekani. Sisi tuliolelewa na bibi zetu hatuhesabu watu. Mbuzi wenyewe tunawajua kwa rangi, hatuwanyoshei kidole moja, mbili, tatu, sembuse mtoto wa mtu! Unayemhesabu unamwonyesha kifo. Mama mkwe wangu alizaa kumi na mmoja, na ukimuuliza ana wangapi alikuwa anajibu, "Wapo." Kijiji kizima kikawa upande wangu, hata waliojifanya wasomi.

Mimi ndiye niliyeleta wazo la magunzi. Kila anayeingia aweke gunzi moja ndani ya debe, akitoka achukue moja alitupe. Debe likiwa tupu, watu wametoka. Nani amehesabiwa hapo? Hakuna. Watu wakanipigia makofi.

Modest aliokota gunzi, akaligeuza kiganjani. "Gunzi halina jina, shemeji," akasema.

"Na jina halina uhai likishahesabiwa," nikamjibu. Nilijiona mjanja, jamani.

Mwaka wa kwanza, 2003, mambo yalikwenda vizuri mno. Mzee Gervasi, mtu wa miaka sitini na kitu, alipotea saa mbili nzima, akashika mstari, akatokea nyuma ya choo cha shule akiwa amekasirika, na watu wakacheka mpaka machozi. Mahindi yaliacha kututisha. Watoto wakawa wanacheza "sheria ya kumi" wakitoka shule. Modest alinenepa kidogo. Na mimi nikavimba kichwa na debe langu.

Mwaka wa pili walikuja wengi. Mmoja alikuwa kijana wa Gehandu, Basili, ametembea peke yake tangu alfajiri. Shati jeupe la kanisani. Hakuwa na ndugu hapa. Alinisalimia, "Shikamoo mama," akaniambia akimpata yule beberu atampelekea mama yake, na asipompata atapitia kijiji cha Daudi kwa mjomba. Kisha akasimama mbele ya kibao cha sheria tulichokileta pale, akasoma sheria zote kwa sauti kama mtoto wa darasa la nne, huku anacheka. Akatia gunzi lake, akaingia.

Saa sita ukungu ukashuka, na manyunyu. Wapishi wa makande walikuwa uwanjani, moto ukawa unazimika, wakahamishia mafiga chini ya turubai, pale pale pembeni yangu. Kuni zimelowa. Sasa niambieni, mama gani wa Hanang anatafuta cha kuchochea moto, anaona debe la magunzi makavu, anaacha? Alichukua. Gunzi moja tu, si kwa ubaya. Alinyosha mkono huku anaendelea na hadithi yake, na mimi nilikuwa naisikiliza hadithi hiyo. Nilimwona. Macho yangu haya yalimwona, na akili haikusema kitu.

Watu wakawa wanatoka mmoja mmoja, wamelowa, wanacheka, wanachukua gunzi wanalitupa. Saa tisa debe likawa tupu. Nikalipindua juu chini wote waone. "Wametoka wote!" Ngoma ikaanza, pombe ikamiminwa.

Modest akanijia. "Shemeji, yule kijana wa Gehandu, mwenye shati jeupe. Simwoni."

"Ameondoka. Kwao ni mbali."

"Ulimwona akitoka?"

"Nimeona debe. Hilo hapo, tupu. Unataka nini tena?"

"Ngoja nizunguke kidogo. Wazimishe ngoma, nimwite."

Wazimishe ngoma! Watu walikuwa wameanza kugeuka kututazama, na niliona ananiaibisha, na debe langu, mbele ya wageni. Hapo ndipo mdomo wangu ulipoteleza. Nilisema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Shemeji, tuachie tufurahi. Siyo kila mtu ni Paskalina."

Ngoma iliendelea. Modest aliinamisha kichwa, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akaenda zake nyumbani. Nilitaka kumfuata. Sikumfuata. Nilikwenda kula makande.

Siku ya tatu, asubuhi, alifika mwanamume mmoja anaitwa Marko. Akaniamkia kwa adabu, akasema anamtafuta mdogo wake Basili, kwa mjomba kule Daudi hakufika. Modest alikuwa anakata majani ya ng'ombe mpakani kwetu, akasikia. Aliingia ndani, akatoka na dira, akateremka shambani, nasi nyuma yake.

Tuliona shati kwanza. Lilikuwa limefungwa vizuri juu ya bua, mikono yote miwili imekazwa fundo. Chini yake Basili alikuwa amekaa kifua wazi, mgongo umeegemea mahindi, mguu mmoja umevimba. Alikuwa ametumbukia kwenye shimo lililochimbwa na muhanga. Hakuhangaika. Mahindi yaliyomzunguka hayakuvunjwa hata moja. Alikuwa amekaa kwenye mstari wake anatusubiri tuje. Usiku mbili, baridi ya Julai ya huku mlimani, anatusubiri, kwa sababu tulimwandikia kwamba tunajua yuko ndani. Angetambaa angefika. Modest alipima baadaye, mstari ule ulikuwa umebakiza hatua arobaini.

Na aliita. Mzee Gervasi alikiri mwenyewe akilia kama mtoto. Usiku wa kwanza alisikia sauti ya mtu shambani, akadhani ni yule binti wa Modest anayelia, akafunga mlango akasali.

Tulimpeleka kwao Gehandu kwa gari la kuazima. Mama yake hakupiga kelele. Alimwosha, akamvalisha, na baada ya kaburi kufunikwa akaja mpaka tuliposimama sisi wa Endasak. Mwanamke mdogo mdogo, mgolole umemzidi. Akauliza, "Nimeambiwa alikuwapo mtu mlangoni. Alijuaje kwamba wametoka wote?"

Alituuliza wote, lakini alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu nilikuwa mwanamke pekee, na pengine kwa sababu mama hujua. Nilifungua kinywa. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na debe, na magunzi, na yule mpishi, na bibi zetu, na lile nililomwambia Modest mbele za watu.

Modest akavua kofia. "Shikamoo mama," akasema. "Mlangoni nilikuwa mimi. Nilikosea kuhesabu."

Mama akamtazama kuanzia miguuni mpaka usoni. Kisha akamtemea mate kifuani, kwenye koti, na ndugu zake wakamshika wakaondoka naye. Modest hakujifuta.

Tangu siku hiyo watu waliacha kupita nyumbani kwake. Walimwita mla watu, mtoto wake na sasa wa mwenzake. Maziwa yake yakakosa mnunuzi. Aliishi hivyo miaka minne, hatua mia moja na nane kutoka kwangu, na kila asubuhi alinisalimia kama kawaida, "Habari za kuamka, shemeji," nami nikamjibu nzuri. Mara nyingi niliandaa namna ya kwenda Gehandu kusema. Mara mvua, mara mjukuu anaumwa. Alipokufa, kijiji kilibishana kama azikwe karibu na wengine, na mzee mmoja akaniuliza mbele ya wote, "Wewe Fabiola ndiwe jirani yake. Kuna la kumtetea?"

Nikasema alikuwa jirani mwema.