Kichuguu Chenye Mwenyewe

Marehemu baba alituachia kiwanja nyuma ya maghala, upande wa Busia ya Uganda, na kichuguu kilichosimama katikati ya kiwanja hicho. Kiwanja baba zetu wadogo walikiuza kabla matanga hayajaanuliwa. Kichuguu hawakukiuza. Si kwamba walituonea huruma, ila kwetu kichuguu hakiendi pamoja na ardhi. Mtu anaweza kununua shamba, akalima, akajenga, akafuga. Msimu ukifika, kumbikumbi ni wa yule aliyerithi kichuguu. Mnunuzi alikuwa mtu wa huku huku, hakuhitaji kuambiwa. Alijenga ukuta, akaacha pengo la kunitosha mimi na beseni langu.

Hiyo ndiyo mali niliyokuwa nayo. Mama naye hakukaa sana baada ya baba, na mimi nikiwa mkubwa wa wanne niliacha shule, nikaanza kupita kwenye foleni ya malori pale Malaba nikiuza karanga, na kumbikumbi wa kukaanga wakati wake. Wadogo zangu walisoma kwa zamu, kila mmoja mpaka alipoweza. Kitinda mimba wetu ndiye aliyeweza zaidi. Alisoma bweni, kisha Kampala, akafika mahali ambapo hata kuuliza anasoma nini sikujua niulizeje.

Alipomaliza alinieleza mwenyewe. Kazi yake ni kubuni miradi ya kuwaunganisha watu wa mijini na mazingira ya asili, miradi ambayo mtu haji kutazama tu bali anashiriki.

"Nani aliwatenganisha?" nikamuuliza.

"Hilo ni swali zuri sana, dada," akasema.

Kwa wakati huo mnunuzi wa kiwanja alikuwa amehama, na mji umekichukua kwa ajili ya bustani ya umma. Shirika moja likajitolea kuijenga. Likamtuma mbunifu wake mpya, naye alikuwa mdogo wangu. Alikuja na michoro iliyokunjwa kama mkeka, akaitandaza juu ya meza yangu ya kuchambulia karanga. Kichuguu chetu kilikuwa pale katikati, kimepakwa rangi ya chungwa, kizuri kuliko kilivyo. Kukizunguka kulikuwa na mbao za kukanyaga. Mtu akikanyaga ubao, kigingi cha chini yake kinagonga ardhi. Watu wakiwa wengi, alisema, mji mzima unazungumza na udongo.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwako. Nakumbuka mkipiga vijiti, mimi niko mgongoni mwako. Ule mlio sijawahi kuusahau."

Ni kweli tulipiga. Kwetu kumbikumbi wadogo, wale wanaotoka mchana, hawasubiriwi mvua peke yake. Unasimika vijiti, unafunika kichuguu kwa blanketi, unachimba shimo dogo la kuwadakia, halafu mnagonga mbao juu ya vijiti mpaka mikono iume, na wao huko chini wanadhani mvua imefika. Mdogo wangu alikuwa amehifadhi mlio wote, hata mwendo wake, lakini kazi ya mlio ilikuwa imemtoka. Nilitaka kumkumbusha, nikaona nami siamini sana kwamba wangetoka. Kukanyaga ovyo si kupiga. Nilidhani wale wadudu wana akili zaidi ya hapo.

Kilichonikaa kooni kilikuwa kibao. Kwenye mchoro, mbele ya kichuguu, kulikuwa na kibao kinachosema hiki ni mali ya umma.

"Hapa umekosea," nikamwambia. "Hiki kina mwenyewe."

"Dada, nikiandika ni chako, mradi umekufa. Hakuna mfadhili anayejenga bustani kuzunguka kitu cha mtu."

"Wasijenge."

"Ndiyo kazi yangu ya kwanza."

Akakunja michoro yake. Sikukubali, lakini nimemlea mimi, na sikuweza kwenda ofisini kwao kumshtaki mtoto niliyemfunza kunywa uji. Kibao kikasimama. Niliendelea kusema moyoni kwamba kichuguu ni chetu, na nikajifariji kwa jambo moja: hakuna mtu mzima wa Busia atakayeacha shughuli zake aje kukanyaga mbao.

Nilijidanganya vizuri sana. Mafundi hawakuwa wamekusanya hata vipande vyao vya mbao, bustani imejaa. Wanaobadilisha pesa walikuja, wachuuzi wa sokoni walikuja, na waendesha boda boda wakaanzisha mitindo ya kukanyaga, wakashindana. Watu walivuka kutoka upande wa Kenya kuja kuona. Mwanamke mmoja muuza nyanya aliniambia goti lake limepona. Mdogo wangu aliwahesabu kwa sauti, nisikie.

Siku ya ufunguzi mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, kisha jua likatoka kali. Mahema yalijaa. Wanafunzi walipangwa juu ya mbao wakanyage polepole huku mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa wilaya, akisoma hotuba. Alisema binadamu wa leo yuko mbali na viumbe wenzake. Mimi nilisimama nyuma, nikaona udongo wa kichuguu ukipasuka matundu madogo, na wale mchwa wenye vichwa vikubwa wakitoka kulinda milango. Nilijua kinachofuata. Lakini mtu hakatizi hotuba ya mkubwa kwa ajili ya wadudu.

Kumbikumbi walitoka kama moshi. Kwanza walipanda juu ya wanafunzi, kisha wakaingia hemani. Walitua kwenye kola ya mgeni rasmi, kwenye hotuba, kwenye glasi za maji. Mfadhili mmoja, mgeni kabisa, alifurahi kuliko wote na kupiga picha, mpaka walipompitia ndani ya shati. Mshereheshaji alitangaza kwamba hili ni sehemu ya mradi. Sijui alilitoa wapi, ila lilikuwa kweli.

Katika mji huu beseni haliko mbali na mtu. Kabla wanafunzi hawajamaliza kupiga kelele, wanawake walikuwa wamekizunguka kichuguu na mabeseni, wengine na vitambaa vya kichwa, wengine na kofia za boda boda. Halafu wakasimama. Kumbikumbi wanawapanda miguuni, na hakuna aliyeinama.

"Mwenyewe wapi?" akauliza yule muuza nyanya.

"Karibuni, karibuni," mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti. "Ni mali ya umma. Someni kibao."

"Kibao tumeona. Mwenyewe ndio hatujaona."

Kijana mmoja wakala wa forodha kutoka ng'ambo ya Kenya akacheka. "Si wamesema ni ya kila mtu? Chukueni basi, mnangoja nini?"

"Wewe chukua kwanza, mwanangu. Sisi tunakuangalia tu."

Kijana akatazama zile nyuso, akatia mikono mfukoni. "Mimi nimeshiba," akasema, na watu wakacheka.

Mgeni rasmi alikuwa ameshuka jukwaani. Naye ni mtu wa huku, cheo hakijambadilisha hapo. Alikuwa ameshika kumbikumbi mmoja kati ya vidole, ameshamtoa mabawa, lakini hakumtia mdomoni.

"Hiki kichuguu ni cha nani?" akauliza.

Mshereheshaji akaonyesha kibao.

"Nimesoma. Nauliza ni cha nani."

Macho yote yakamgeukia mbunifu. Mdogo wangu alisimama kati ya wafadhili wake, ana karatasi mkononi na kumbikumbi kwenye nywele. Nilitamani asiulizwe. Mimi kusema kungekuwa kumvua nguo mbele ya waliomwajiri. Yeye kusema ni cha umma kungekuwa mwisho, maana kwetu ndugu wa tumbo moja akikana mbele ya watu, huna tena pa kwenda kudai. Kibao ningeweza kubishana nacho maisha yangu yote. Neno lake nisingeweza. Nikashika beseni langu.

Akachukua kipaza sauti. "Ni cha dada yangu," akasema. "Alikirithi kwa baba yetu. Kibao niliandika mimi, na nitakitoa."

Alisema kwa Kiswahili, halafu ikabidi aseme tena kwa Kiingereza kwa wale wafadhili, na mara ya pili sauti yake ilikuwa ndogo. Wakaanza kunong'onezana. Muuza nyanya akanigeukia.

"Mama, unasemaje? Wanaisha hawa."

"Chukueni," nikasema. "Upande wa nyuma niachieni."

Wakaniachia. Mgeni rasmi akatafuna wake, akarudi kumalizia hotuba, na hakuna aliyemsikiliza.

Tulidhani mdogo wangu angefukuzwa. Kwa wiki nzima hakula vizuri. Nilimkaangia, akachezea tu sahani. Kisha ripoti ikatoka. Picha zilikuwa nzuri mno, na mtu fulani ofisini aliandika kwamba jamii imeonyesha umiliki wa hali ya juu. Kibao kipya kinasema kichuguu kina mwenyewe, aulizwe. Mdogo wangu alipigania hilo kwenye mkutano, aliniambia baadaye, na walikubali baada ya kulipatia jina refu.

Mimi sasa ndiye niliyeunganishwa na mazingira kuliko watu wote wa Busia. Niko Malaba katikati ya malori, simu inalia: wamekuja wageni, wamekanyaga, kumbikumbi wametoka, njoo useme. Siwezi kukataa, kwa sababu kumjibu mtu anayeuliza ndiyo kazi ya mwenyewe. Nauza karanga kidogo kuliko zamani.

Yeye wamempeleka Tororo, mradi mwingine, wa chemchemi na miti ya mtaani. Juzi alinipigia akiwa amechoka. Siku hizi kabla ya kuchora anapita nyumba kwa nyumba kuuliza. Chemchemi ina mwenyewe, bibi kizee aliyeolewa hapo kutoka vijiji vya Mwello. Mti wa kwanza una mwenyewe. Mti wa pili una wenyewe wawili, na hawasalimiani.

"Dada, kazi haiendi," akasema. "Kila kitu kina mtu."

Nikamwambia kwa yule bibi asiende mikono mitupu, apitie kwangu kwanza achukue karanga.